Shoka la Kiunoni la Mama

Mimi na mashoka tunajuana. Nimepasua kuni tangu utotoni, kwanza kwetu mashariki ya Kongo, halafu miaka kumi na mbili kambini Tanzania. Kwa hiyo nilipokwenda kumchagulia mama shoka hapa Sydney, sikuona haja ya kushauriwa na mtu.

Maneno yalianzia kwa daktari. Mama alikuwa na miezi minane tangu aje kuungana nasi Mount Druitt, pembeni mwa Sydney, na miezi hiyo yote aliimaliza kwenye kochi, pazia limefungwa. Akitoka, ni kanisani au kliniki. Miguu ikaanza kuvimba. Daktari akasema atembee. Kazi yangu ni kutunza wazee, nawaona wanavyokwisha wakishaacha kutembea, na niliogopa kweli. Sikuhangaika na makaratasi yote ya kumleta huku ili mama aje anifie sebuleni.

Mama mmoja wa kanisani kwetu ana shamba nje ya mji wa Penrith, na nyuma yake kuna msitu wa mikaratusi. Akaturuhusu kutembea humo na kukata kuni tupendavyo. Nikampelekea mama habari.

"Miye siingii mu pori mikono mitupu," akasema.

Sikumwuliza kwa nini. Kule kambini wanawake walifuata kuni mbali, na wapo waliovamiwa. Siku moja wanaume wawili walimtokea mama njiani. Akachomoa shoka kiunoni, wakamwangalia, wakaenda zao. Tangu siku hiyo hakukanyaga porini bila shoka.

Dukani nilikuta mashoka ya mipini ya plastiki, mekundu na ya njano, nikayapita bila kuyagusa. Niliyemtaka nilimpata kwenye soko la Jumapili: mzee wa Kizungu anayetengeneza mashoka madogo ya mtindo wa zamani, mpini wa mti, ala ya ngozi ya kuvaa kwenye mkanda. Nikayapima yote. Nilitazama mpini kwa jicho moja kuona kama nyuzi za mti zimenyooka, nikagonga bapa kwa ukucha na kusikiliza, kisha nikayavaa moja moja na kuchuchumaa pale pale mbele ya watu, maana mfunga mzigo wa kuni huchuchumaa, na mpini usimchome pajani. La nne lilikaa sawasawa. Mzee alicheka, akanifungia. Akaniambia nilipake mafuta, nisiliweke majini hata kidogo. Nikaitikia kwa adabu. Mzungu anifundishe mimi shoka!

Nilipofika nyumbani nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kwetu mpini usiponyweshwa maji haukazi. Siku mbili baadaye ulikuwa umevimba na kubana vizuri, nikalitundika kwenye kibanda cha bati nyuma ya nyumba. Likakaa humo wiki mbili za joto la Januari, mama akijipa moyo.

Siku ikafika. Mama alijifunga kitenge, juu yake mkanda, shoka nyonga ya kulia. Sijui nielezeje alivyobadilika. Aliingia msituni akiwa mbele yangu, haulizi njia, anaangalia miti juu na chini, na mimi nyuma namfuata kwa furaha iliyonijaa kifuani.

Tulikuwa tumeshavuka kijito mara mbili niliposikia kitu kinadondoka. Mpini ulikuwa umelala kwenye majani. Kichwa cha shoka kilibaki kiunoni, ndani ya ala.

Mama akasimama. Nami nikasimama, uso unaniwaka kwa aibu. Gari lilikuwa mbali, na nilijua akirudi kwenye lile kochi leo, simtoi tena.

Akaokota mpini, akaugeuzageuza. "Uliiweka mu maji?"

"Ndiyo, mama."

"Alafu ikakauka mu joto, ikakonda. Mwenye kuiuzisha hakukuambia?"

"Aliniambia."

"Na wewe haukusikia."

"Sikusikia, mama. Nisamehe. Turudi?"

Mama alitazama nyuma tulikotoka, akatazama mbele, na mkono wake ukawa unapapasa kile chuma kiunoni. Kisha akaanza kucheka, taratibu kwanza, halafu mpaka akajishika mbavu. Miezi minane sikuwa nimesikia kicheko kile.

"Unajua shoka ya ile siku," akasema, "ile ya wale wanaume wawili?"

"Najua."

"Nayo ilikuwa inacheza hivi hivi. Kama ningepiga nayo mara moja, kichwa yake ingechomoka, nibakie na mpini tu. Wale hawakujua."

Akausukumia mpini mahali pake, akaushikilia kwa mkono usianguke tena, akatangulia mbele msituni.