Mkono wa Kuteka Maji

Kazi ya vigae nilijifunza mwenyewe, kwa kuwatazama mafundi waliokuwa wakijenga nyumba za mtaa wa Woodley. Aliyejifunza hivyo hana wa kumwambia kwamba imetosha. Nakiri hata leo huwa nabandua kigae ambacho mwenye nyumba ameshakisifu.

Tajiri wangu alinituma mtaa wa Ngara, kwa familia ya Wagoa, Wahindi wa koloni la Wareno. Mama mzee wa nyumba ile alikuwa ameletewa kwa meli vigae vya Kireno kutoka kwenye nyumba aliyozaliwa, iliyokuwa imebomolewa. Vikipangwa ukutani vilikuwa picha moja, buluu juu ya nyeupe: mwanamke akiteka maji kisimani. Kimoja kilifika kimesagika, nacho ndicho kilichokuwa na mkono ulioshika kamba.

Nikamshauri tuweke cheupe kitupu.

“Kijana, maji atavuta na nini? Meno?”

Baba yake alikuwa mchoraji wa vigae, na mama huyo akaamua kunifundisha. Wareno, aliniambia, walijifunza ufundi huu kwa Waarabu. Baadaye wakaona vyombo vya Wachina, wakaitamani buluu yake. Unachora kwenye karatasi, unatoboa mistari kwa sindano, unailaza juu ya kigae kilichopakwa poda nyeupe ya kung’arisha, bado mbichi, kisha unapigapiga kifuko cha vumbi la makaa. Zinabaki nukta, unazifuata kwa brashi. Poda hunywa rangi papo hapo, kwa hiyo hakuna kufuta. Na rangi yenyewe kabla ya moto ni nyeusi kama masizi. Buluu unaitumaini tu.

Nilichora. Kidole kimoja kikanenepa, nikaosha kigae, poda yote ikatoka, nikaanza upya. Nikaosha tena.

“Bwana fundi, unachora mkono ama unaogesha yeye?” Akanionyesha mkebe. “Poda imebaki ya kigae moja. Ukiosha hii, basi. Mwanamke yangu atakaa kilema.”

Safari hiyo niliacha kuzitazama nukta. Brashi ilikwenda yenyewe, na nilipoinua macho nikaona kiwiko kipana na vifundo vya vidole vilivyovimba. Niliujua mkono ule. Nilikuwa sijauona tangu nitoke kwetu Maragoli. Ulikuwa mkono wa kushika jembe, na nilikuwa nimempa yule bibi wa pichani, mwenye gauni la mikono ya lesi.

Kalasinga mmoja wa barabara ya Ngong alikuwa na tanuru la kuchomea mabomba ya udongo. Alinichomea kigae ndani ya chungu kilichofunikwa. Kilipotoka, buluu ilikuwa imekuja, ila imekolea kuliko vigae vingine. Nikakipeleka Ngara.

“Memsaab, tuagize poda nyingine. Nitachora vizuri.”

Alikisogeza karibu na macho. “Mkono ya nani hii?”

“Ya mama yangu.”

“Yuko hai?”

“Yuko. Nyumbani.”

“Utaenda kuona yeye lini?”

Kibali cha likizo nilikuwa sijawahi hata kuomba. Kila mara kulikuwa na ukuta haujanyooka.

“Mimi hata ile nyumba hakuna tena,” alisema. “Weka.”

Nikaweka. Saruji ilipoanza kushika, akasogea, akaegesha kiganja chake juu ya ule mkono, asikiondoe. Nilisimama nyuma yake na ndoo yangu, nikitamani aondoke, niuguse na mimi.