Jiko la Makaa Chini ya Kitanda cha Mzazi

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Ilikuwa masika, hapa hapa Msambweni, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, na mimi nilikuwa mzazi wa mara ya kwanza, bado sijamaliza siku zangu arobaini za uzazi. Mtoto alikuwa wa kiume. Tulimwita Bakari, jina la babu yake, na alizaliwa na nywele nyingi hata wanawake waliokuja kunipa hongera wakacheka kwamba nimezaa mtu mzima.

Nyumba tuliyokuwemo ilikuwa mpya. Mume wangu Hamisi, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori la miwa, na alikuwa na majivuno yake. Simsengenyi, nilimpenda pamoja na majivuno hayo. Wakati ule kila kijana alitaka aonekane amepiga hatua, naye hatua yake ikawa nyumba ya bati. Alibomoa nyumba ya makuti ya mama yake, akajenga ya mawe, akapaka chokaa, na kuta akazipandisha mpaka zikagusa paa. Ule mwanya wa juu, ambao zamani haukuzibwa, akauziba kwa saruji ili popo wasiingie. Jamaa zetu wa Kombani walikuja kuitazama kama wanaotazama bibi harusi. Mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, alikuwa akipangusa milango kwa kanga yake mwenyewe.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana huenda hukuikuta. Mzazi alikaa ndani siku zote za arobaini, akakandwa kwa maji ya moto, akanywa uji wa pilipili manga, na chini ya kitanda chake cha kamba akawekewa moto, ili baridi isimwingie mwilini. Bibi zetu walifanya hivyo, na wengi wetu tulikua salama. Lakini walifanya chini ya makuti. Moshi ulipanda, ukapenya ukaenda zake, na hewa ikaingia kwenye nyufa za udongo bila mtu kuialika. Tena ule ulikuwa moto wa kuni. Ukizidi, macho yalimwasha mzazi, akalalamika, ukatolewa.

Hamisi alisema kuni zitatia masizi kwenye chokaa yake. Basi mama mkwe akaleta jiko la makaa. Akasema makaa hayana moshi, ni safi, yanafaa nyumba safi. Sote tulikubali. Mimi mwenyewe nilijiona nimezaa kisasa.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Baada ya adhuhuri baridi ikazidi, mama mkwe akaongeza makaa, akafunga dirisha la mbao, akasukumiza matambara chini ya mlango. Alifanya yote hayo kwa mapenzi, huku akimwimbia mtoto. Haukupita muda mrefu kichwa kikaanza kuniuma, maumivu ya kubana hapa kwenye kipaji cha uso.

"Mama," nikamwambia, "naona kichwa kinaniuma. Tufungue dirisha kidogo?"

"Usifungue, mwanangu. Upepo huu ukikuingia utakuja kuzeeka na kiuno kibovu. Ni uchovu wa uzazi huo, lala utapoa."

Akatoka kwenda jikoni uani, akavuta mlango nyuma yake. Nikabaki na Bakari mkononi. Kichefuchefu kikanipanda. Nilitaka kuinuka nikaona miguu si yangu. Dirisha lilikuwa karibu, mwanangu, ningenyoosha mkono nikiwa bado na nguvu ningelifikia. Lakini nilikuwa mke mgeni nyumbani mwa watu, nimeshaambiwa lala, na nilifundishwa kwamba mzazi habishani na wanaomtunza. Nikalala. Bakari naye alikuwa ametulia sana, nami nikafurahi kwamba ametulia.

Aliyetufikia ni Bi Mejumaa, mkunga aliyenizalisha, mwanamke wa Mkongani mwenye sauti kali, aliyekuwa akija kunikanda. Nilichosikia kwanza ni kishindo cha dirisha, kisha mvua usoni, na yeye akilitoa jiko nje kwa kanga na kulitupa matopeni. Alituburura mpaka barazani, mimi na mtoto. Nilitapika. Bakari hakulia. Bi Mejumaa alimpulizia, akamsugua mgongo, akamwita kwa jina tena na tena. Bakari hakurudi.

Mama mkwe alisimama pale na chungu cha maji mkononi, na nyuma yake Hamisi, ndiyo kwanza anafika kutoka kazini. Bi Mejumaa akawageukia akiwa analia kwa hasira.

"Nani kawaambia bati ni sawa na makuti? Makuti yanapumua! Hapa mmemtia mtu chunguni mkafunika! Na wewe Hamisi, popo walikukosea nini?"

Baadaye watu walisema mengi. Wengine walisema jicho, wengine shetani. Shehe alitupa pole akatuombea subira. Siku moja nilimkuta Hamisi juu ya ngazi na nyundo na tindo, anauzibua ule mwanya aliouziba kwa mikono yake, chumba baada ya chumba, vumbi limemjaa kichwani. Sikumwambia apumzike. Wanangu wengine wote niliwazalia humo humo, dirisha wazi, na moto haukuingia tena ndani.

Lakini hilo silo linaloniumiza zaidi sasa nilivyozeeka. Mama mkwe alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mimi ndiye niliyemuuguza. Alasiri moja akanishika mkono.

"Mwanangu, niambie kweli. Ulikuwa ni ule moto wangu?"

Nikamwambia, "Mama, ngoja nikaanue nguo." Nikatoka, nikasimama uani mbele ya nguo ambazo hazijakauka, nikaanua mojamoja. Niliporudi alikuwa amelala. Hakuuliza tena, na haikupita juma tukamzika. Ningemwambia nini? Ningemwambia ndiyo, mama, lakini hukujua, na hakuna aliyejua, na mimi sikukuwekea kinyongo. Maneno machache tu. Alikwenda bila ya kuyasikia, nami nimebaki nayo.

Kwa hiyo, mwanangu, nakusihi. Jiko la makaa lisilale na mtu chumbani, hata iwe baridi ya namna gani, hata ukaambiwa makaa hayana moshi. Kinachoua humo hukioni wala hukinusi. Ukipika, pika uani au mahali penye hewa, na ikiwa huna budi kupika ndani, fungua mlango na dirisha, upepo upite. Ubani na udi ni vizuri, mimi nakufa navyo, lakini fukiza madirisha yakiwa wazi, usimfukize mtoto mchanga usoni. Taa ya koroboi izime kabla hujalala. Mvuta sigara mwambie atoke nje, hata awe mjomba wako, umwambie kwa adabu. Ukijenga, acha pa kupitia hewa juu ya kuta, na popo watiliwe wavu. Na kichwa kikikuuma ndani ya chumba, usingoje ruhusa ya mtu, toka na mtoto wako. Wakubwa wako wakikukasirikia, watakusamehe jioni.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye nafasi na wakwe wanaosikia. Akupe ulimi wa kusema kwa wakati wake. Wanao wapumue vyema, wakue, wazeeke, na siku ikifika wakuzike wao, isiwe wewe wa kuwazika. Amin.