Nilipohukumu Nasaba kwa Sura

Nakumbuka mwaka 2011, msimu wa masika, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, miezi saba tangu nitoke eda ya mume wangu. Asubuhi nilifua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Alasiri nilisoma Kihispania katika darasa la watu wazima, Ukunda. Shule niliianza nina miaka thelathini, mwanangu, na aliyechelewa kupata kalamu huishika kwa kiburi.

Masika hayo hayo, Bakari wa kisiwa cha Funzi alimposa binti yangu Zena. Nilipomwona akivua viatu mlangoni, niliona paji lile, macho yale, hata namna ya kuinamisha shingo, marehemu mtupu. Na marehemu, kabla ya kunioa mwaka 1989, alikaa Funzi mwaka mzima akitengeneza injini za mashua. Nikajiambia, huyu ni mwanawe wa siri, na ndugu hawaoani. Nikaikataa posa bila kutoa sababu, maana sababu yenyewe ilikuwa aibu yangu.

Zena aliniuliza siku tisa. Ya kumi akasema, "Mama, kama ni ufukara wake, sema. Kama ni dini yake, sema. Kunyamaza huku kunaniua."

Nikachukua ufagio, nikafagia ua niliokwisha kuufagia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Darasani nikatafuta pa kuipumzisha akili. Nilisimama nikatangaza kwamba "day" ya Waingereza na "día" ya Wahispania, yote mawili yenye maana ya siku, ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa sura zao zasema. Mwalimu Mwanajuma, bibi aliyekwisha kustaafu, alinitazama juu ya miwani.

"Mama Zena, nani amekwambia sura ni nasaba?"

Akatueleza kwamba wataalamu wamelifuata kila neno mpaka kwa wazee wake, wakakuta hayo mawili hayana undugu. Lakini "día" na "dios", yaani siku na Mungu, ambayo sisi tusingeyadhania, ni ya ukoo mmoja: yametoka katika neno la kale mno la mbingu yenye nuru. Kisha akamalizia, "Wewe huulizi. Unahukumu."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikwisha kushika mkoba.

Kesho yake nilivuka kwenda Funzi kwa mama yake Bakari, Bi Mwanaisha. Nikamwambia shaka yangu yote. Aliingia ndani, akatoka na kadi ya kliniki iliyofifia.

"Bakari nimemzaa Vanga, Januari ya themanini na saba. Hapa tumehamia ana miaka mitatu, na kabla ya hapo sikupata kukanyaga Funzi. Mumeo simjui hata kivuli." Akatikisa kichwa. "Nawe, dada, umemfukua marehemu kwa ajili ya paji la uso?"

Hilo lilinichoma, kwani mume wangu hakuwa tena na kinywa cha kujitetea. Nilimwomba Mungu msamaha, kisha nikamwomba Zena.

Basi, mwanangu, shaka ikikuingia juu ya mtu, usiisome usoni pake. Ifuate hadi chimbuko lake, uulize kwa mdomo wako hata kama swali linakudhili. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na aliye kaburini mdhanie mema mpaka upate ushahidi. Mola akujaalie kuuliza mapema kuliko mimi, na nyumba yako aitilie baraka, dua ile ile niliyoomba Ijumaa, tarehe 9 Septemba 2011, mwezi wa mfunguo mosi, shehe alipofungisha nikaha ya Bakari na Zena na cheti kikatiwa saini.