Rauta Iliyopanda kwa Kikapu

Nyumbani kwa Fadhiya hakuna kitu kinachokaa uchi. Friji ina nguo, televisheni ina nguo, mtungi wa gesi una kanzu ya maua yenye marinda, na zote kazishona mwenyewe. Mimi Saadia ni binti wa mamake mdogo, tumelelewa pamoja hapa Mji wa Kale, na nakuapia, nikisahau simu yangu kwake naikuta imevikwa. Marehemu mumewe alikuwa akisema yeye huogopa hata kusinzia barazani.

Fadhiya ni mtengenezaji wa achari ya ndimu ambayo watu wa mtaa wetu hawasafiri bila ya chupa yake. Sauti yake yaita mtu wa uchochoro wa tatu. Hasira zake ni moto wa makuti: huwaka ukadhani nyumba inaungua, na kabla hujapata ndoo ya maji zishazimika. Nampenda, ila siku nyingine hunichosha mpaka natamani kuhamia Nyali.

Ghorofani anaishi babake, Mzee Abdulkadir. Magoti ya mzee na ngazi za nyumba ile yamekosana kitambo. Hashuki tena, mwenye shida naye humpandia.

Mwaka huu mjukuu wake, Jana, akapata mchumba. Jana ni binti ya marehemu Hamdan, kaka yake Fadhiya, naye amezaliwa na kukulia ng'ambo, Cardiff, kwa kina mamake. Baba hayuko, kwa hivyo walii wake, mwenye haki ya kumwozesha, ni babu. Mzee angeweza kumfanya sheikh wa kule wakili wake kwa simu ya maneno tu, yakaisha. Hakutaka.

"Siozeshi mtu nisomwona," alisema. "N'tamuuliza mwenyewe, uso kwa uso, akiridhika ndipo nitoe idhini."

Nikaha ikawekwa Ijumaa, saa kumi alasiri kwa saa zetu. Kazi ikawa moja: uso wa Jana umfikie babu yake, na usikatike. Bando za simu mle ndani hazifai kitu, maana kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kama zimejengwa kuzuia mizinga. Idi iliyopita picha ya Jana ilikwama mdomo wazi, na mzee akakaa kuutazama mdomo ule mpaka tukaona huruma. Fadhiya akaapa kuwa safari hii ataleta mtandao wa waya.

Alhamisi akaja fundi Samuel, mtu mzima wa Rabai, mpole wa kusema. Aliupitisha waya kwenye dirisha la chini, akaiweka modemu ukumbini, akaichomeka kwenye laptopu yangu kuijaribu. Mtandao ukafunguka papo hapo. Laptopu yenyewe kamera yake ilikufa zamani, na tableti ya mzee haina tundu la waya, kwa hivyo ilitakiwa rauta ya kuusambaza mtandao nyumbani. Samuel alilishwa pilau mpaka akaomba msamaha, kisha akaaga.

"Rauta mkiipata, mama, ni kuchomeka tu," alisema.

Jihadhari na "tu" ya fundi.

Ijumaa asubuhi Fadhiya alirudi na rauta kutoka dukani, Barabara ya Digo. Tukauchomoa waya kwenye laptopu, tukauchomeka kwenye rauta, tukawasha. Taa zote zikawa za kijani isipokuwa ile yenye picha ya dunia, iliyotutolea jicho jekundu.

"Alhamisi modemu hii ilikuwa nzima! Saadia, umeifanya nini?"

"Mimi? Nimeigusa saa ngapi?"

Tukampigia Samuel, aliyekuwa juu ya nguzo huko Liwatoni. Akatueleza kuwa modemu hukishika kifaa cha kwanza kilichochomekwa, na chake kilikuwa laptopu. Hiki kipya haikitambui.

"Zimeni zote mbili, mziache kidogo," alisema. "Kisha muwashe modemu kwanza. Taa zake zikitulia, ndipo muwashe rauta."

Maneno mepesi. Lakini Fadhiya, mkono wake ukaenda kwenye swichi ya rauta. Nikamzuia, tukaanza upya. Mkono ukaenda tena kwenye rauta.

"Dada Fadhiya! Modemu kwanza!"

"Modemu ni mwenyeji, rauta ni mgeni," akanijibu kwa ukali. "Tangu lini kwetu mwenyeji akatangulia na mgeni akangoja?"

Hapo ndipo nilipomwambia sambusa zaungua. Hazikuwa zikiungua, na sijutii. Alipokimbilia jikoni nikaizima ile mitambo, nikaketi juu ya mikono yangu nisije nikavunja masharti mimi mwenyewe, kisha nikaiwasha modemu. Taa zikapepesa, zikatulia. Nikawasha rauta. Jicho jekundu likageuka kijani, nami nikapiga kigelegele peke yangu ukumbini.

Fadhiya akarudi na chetezo cha udi, akaifukiza rauta kama afanyavyo kwa kila kitu kipya. Mimi nikapanda juu kumnyoa mzee ndevu na kumtolea kanzu yake ya Idi. Tulipofungua tableti, hakuna kitu. Nikashuka kuangalia. Chini, simu yangu yapata mtandao vizuri. Nikapanda, hakuna. Nikashuka tena, na safari hii nikaitafuta rauta.

Fadhiya alikuwa ameitia ndani ya zidaka, kile kishubaka cha ukutani wanakopanga vyombo vya fahari. Mbele yake kasimamisha sinia la shaba la harusi ya mamake. Na juu, ndiyo, kaivika nguo iliyokuwa ya sanduku la tishu, pembe zake mbili za antena zikichungulia kwenye marinda.

"Dada, umeizika ikiwa hai!"

"Nimeiweka pahala pa heshima!"

"Mawe nyuma, shaba mbele! Mtandao utapita wapi?"

Alinuna. Lakini adhuhuri ilikuwa imeshapita, mwenyewe ajua. "Kaka yangu hayuko," alisema, sauti imemshuka. "Mtoto asije akaolewa kama hana watu." Nami nikakoma kugomba.

Tuliitoa, tukaivua, tukaiweka juu ya meza ya kati. Mtandao ulifika katikati ya ngazi ukachoka. Sakafu ya juu nayo ni mawe, na mitandao haina ubavu wa kuyapasua. Dawa ilikuwa ni kuipandisha rauta chumbani kwa mzee na modemu ibaki chini. Nikakimbia dukani kwa waya mrefu kuliko wote. Nao, nyumba ile ngazi zake zajipinda mara tatu, ulipofika kona ya mwisho ukaisha.

Mzee alikuwa akitusikia. "Kama mtandao haupandi," akaita, "basi niteremsheni mimi kwa kikapu!"

Alikuwa akitania. Mimi na Fadhiya tukatazamana.

Kikapu chenyewe kipo dirishani kwa mzee miaka yote. Asubuhi Fadhiya hukiteremsha kwa kamba hadi uchochoroni, muuza mboga hutia mchicha na ndimu, nacho hupandishwa, bila ya mtu kuvaa buibui. Kutoka dirisha la ukumbini hadi dirisha la mzee ni moja kwa moja. Fadhiya akateremsha kikapu, mimi chini nikautoa waya dirishani, nikaufunga kwenye mpini. Na rauta akaagiza itiwe humo humo, eti ngazi zitaitikisa.

"Vuta!" nikasema.

"Nna mikono miwili tu, usinipigie kelele!"

Jirani mmoja akasimama na mkate wake kwapani. "Bi Fadhiya, leo mwapandisha nini?"

"Mkwe!" akajibiwa kutoka juu, na uchochoro mzima ukacheka.

Nikazima zote, nikawasha modemu, nikangoja, nikapaza sauti: "Haya, washa mgeni wako!" Nikasikia kigelegele kikishuka ngazi. Sikumbuki niliwahi kupanda ngazi zile kwa furaha kama siku hiyo.

Saa kumi Jana akatokea, kajifunika shela jeupe, hina mpaka viwikoni, picha safi hata ungehesabu nakshi za kikuku chake. Nyuma yake sheikh, bwana harusi na mashahidi. Mzee aliisogeza tableti karibu.

"Umemtoa babako," akasema. "Paji la uso lile lile."

Hapo tulilia sote, hata mimi niliyejiapia kutolia. Salamu zikapita, mzee akaiweka sawa kofia yake, akauliza kwa sauti ya watu wa kale:

"Jana binti Hamdan, mwanangu. Kijana huyu akuposa. Umeridhika nikuozeshe?"

Jana akainamisha uso. Hakujibu. Hakutikisika, hata kope. Kule kimya, huku kimya.

"Umekatika!" Fadhiya akapiga ukelele. "Mtandao umekatika!" Akaurukia waya wa umeme wa rauta, auchomoe aanze upya kama alivyofundishwa. Nikamdaka kiuno.

"Fadhiya!" mzee akanguruma. "Wacha! Mtoto ajibu!"

Ndipo nami nikaelewa. Mamake, huko huko Cardiff, alimfunza kama tulivyofunzwa sisi: mwanamwali akiulizwa na walii wake hasemi, na kimya chake ndiyo ridhaa yake. Lakini Jana alikuwa amemwona shangazi yake kashika waya, na mabega yakaanza kumcheza. Akainua uso, machozi na kicheko pamoja.

"Shangazi, usizime! Nimeridhika! Babu, nimeridhika!"

Mashahidi wakacheka, sheikh akacheka. Mzee akafuta miwani, akatoa idhini yake neno kwa neno, na mjukuu wake akaozwa mbele ya macho yake. Vigelegele vya huku na vya kule vikachanganyika.

Kelele zilipotulia, mzee akamgeukia binti yake, ambaye bado alikuwa na waya mkononi.

"Nimeozesha binti zangu wote ndani ya chumba hichi," akasema, "wote wakaninyamazia. Leo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa. Na wewe, Fadhiya, uliinamisha kichwa vivyo hivyo. Mpaka leo sijui."

Fadhiya, ambaye sauti yake yafika uchochoro wa tatu, alijibu kwa sauti ndogo mpaka nikalazimika kusogea ili nisikie.

"Niliridhika, baba. Niliridhika sana."