Isale la Mpakani

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyolowa mvua ikinifikia, hata leo na ubibi huu, moyo unarudi kihambani, shambani kwetu kwenye migomba na kahawa, Rombo, juu ya mji wa Mkuu, msimu ule nilipokuwa darasa la tano. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba ndiyo imeanza kumwagika Moshi. Darasani nilikaa kati ya Aikande na Firimina. Bado nayaona matundu ya sweta zao.

Shangazi Ndewira, dada yake baba, alipanda kutoka mjini na koti zito la kijivu. Baba akalivaa kwenye migomba, akalivaa hata kukamua ng'ombe. Siku ya tatu ndipo tukajua koti limekuja kuchukua nini. Shangazi alitaka msichana wa kumlelea mtoto wake, na msichana mwenyewe ni mimi. Jumatatu nishuke naye. Mama alisema, "Baba Kanisia, mtoto yuko shule." Baba akamjibu kwamba kusoma nimeshajua, kilichobaki ni kiburi tu.

Kwetu, ukimpelekea mtu jani la isale kumwomba msamaha, hawezi kukukatalia. Hilo nililijua. Lakini kwa akili yangu ya miaka kumi na moja, nikaona jani moja ni dogo mno kwa jambo kubwa kama langu. Jumapili, baada ya misa, nikang'oa shina zima na mizizi yake. Na nililing'oa wapi? Mpakani kwetu na Mzee Kiwara! Masale yale ndiyo yaliyosema huku kwako, huku kwangu.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya baba, shina mikononi, namwomba anisamehe nisome, Mzee Kiwara akaingia anafoka.

"Umeanza kunila shamba, Baba Kanisia! Na koti umeshavaa, kama bwana shamba!"

"Sikumtuma mimi!"

"Sasa limetembea lenyewe?"

Kelele zikamleta balozi wetu wa nyumba kumi, Mama Apolonia, na nusu ya waliotoka kanisani. Balozi akaniuliza mimi mwenyewe. Nikasema yote, kamasi zinachuruzika.

Mzee Kiwara ndiye aliyecheka kwanza. "Yesu na Maria! Kumbe sikuibiwa mpaka, nimeazimwa isale! Sikiliza, jirani. Lipokee hilo kwa mtoto, na mimi nimekusamehe. Ukilikataa, kesho tunapima mashamba."

"Na mimi nitakwenda ofisi ya kata," akasema balozi. "Mtoto wa shule hatolewi shule na baba wala shangazi. Ni sheria, siyo huruma yangu."

Baba akalipokea kwa mikono miwili, jasho likimtoka ndani ya koti. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi akauliza, "Na koti langu je?" Baba akalivua palepale.

Jioni tulirudisha isale mpakani, mimi nimeshika shina lisiinamie kwa jirani. Kesho yake nilikwenda shule mbio, na la saba nikamaliza.

Kwa miaka mingi nilisimulia jinsi baba alivyonisamehe, mpaka binti yangu Editha aliponiuliza, "Mama, alikusamehe kosa gani?" Nikalitafuta kosa, sikuliona. Nilikuwa nimepiga magoti kuomba kitu ambacho tayari kilikuwa changu. Mama Apolonia alisema hivyo siku ileile, mbele ya wote. Mimi nilikuwa nasikiliza vigelegele.