Mstari wa Biro Mguuni

Mguu wa mdogo wangu ulinigharimu shilingi sabini na mbili, nauli na chai ya kungojea zikiwemo. Nimehesabu mara mbili. Yeye alilipa mguu wenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Mimi nilikuwa nikiuza mishipi Kenyatta Market, yeye kibarua wa mjengo Upper Hill, na chumba chetu kimoja kilikuwa Kinoo. Msumari uliotokeza kwenye mbao ulimkwaruza muundini. Siku ya tatu mguu ukavimba. Kwetu uvimbe ni jipu, na jipu haliguswi mpaka liive. Nikamkanda kwa maji moto, nikangoja kichwa kitokeze.

Hakikutokeza. Siku ya tano nikampeleka zahanati. Muuguzi, mama mnene asiye na haraka, aliweka mgongo wa mkono wake juu ya mguu mbovu, kisha juu ya mzima. Alisema jipu hujikusanya mahali pamoja, lakini uvimbe huu unatambaa, ngozi inang'aa na kukaza. Na kwa watu weusi kama sisi usingoje kuona wekundu, pima joto. Akatoa biro, akazungushia mstari pale uvimbe ulipokoma.

"Kesho uvimbe ukivuka hapa, mpeleke hospitali kubwa. Na usije ukabishana nao kama ulivyobishana na karani wangu."

Alitupa vidonge ishirini vya rangi mbili, vile vyenye unga ndani, vyote vya kumeza. Nilivihesabu njiani, na nyumbani tena. Halafu nikafanya tulivyofanya sote mtaani: nikafungua nusu yake na kunyunyiza ule unga kwenye mkwaruzo. Dawa ya mguu itafanya nini tumboni?

Asubuhi aliniita. "Kaka, umevuka."

Nikapima kwa vidole: viwili. Nikapima tena: viwili. Ulikuwa mwisho wa mwezi, watu wana mishahara mfukoni. Nikamwambia ni jasho limesambaza wino. Nikachukua kalamu yangu ya hesabu, nikachora mstari mwingine, nje kidogo, nikaenda sokoni.

Niliporudi jioni alikuwa anatetemeka, hanitambui. Hospitalini wakamkata juu ya goti.

Yuko hai. Hajawahi kunidai, wala kuitaja asubuhi ile. Juzi nilimpelekea koti. Akauliza bei, akanihesabia pesa zote, akazihesabu tena, akanipa. Anayejua mtu wa namna hiyo hulipwa vipi, tafadhali anishauri.