Ndoo ya Ayala

Fundi cherehani mmoja wa Bujumbura, jirani yangu wa chumba pale mtaani Berea, si mbali na Soweto, ndiye aliyenieleza kwamba ayala wa mashamba ya uwindaji hawauawi. Wanapigwa sindano ya usingizi, akasema, mgeni anapiga nao picha, pembe zinakatwa kwa msumeno, na asubuhi mnyama anaamka, anajinyoosha, anarudi kwenye majani kama mtu aliyetoka kinyozi. Mwaka unaofuata pembe zimeota, anakuja mgeni mwingine.

"Mzungu si mjinga," akamalizia, akikata uzi kwa meno. "Aue mnyama anayemwotea pembe kila mwaka?"

Nikaamini kabisa. Na mimi si wa kuamini ovyo! Nilikuwa na cheti cha shule ya usiku, nilichokipata kwa kusinzia kwenye hesabu na kuamkia kwenye jiografia, na mtaa mzima, hadi wauza ndizi, waliniita profesa.

Ndiyo maana nilipopata kazi kwenye shamba moja la aina hiyo, nje ya jiji, niliacha kulinda magari kule Newtown bila kusita. Uzio wa shamba lile ulikuwa mrefu hivi kwamba mawingu yalipita kwa kuomba ruhusa. Kazi yangu ilikuwa kulisha. Kwetu Kivu ayala nilimsikia kanisani tu, na sasa alikuwa mbele yangu, mnyama wa Ulaya, pembe zenye matawi kama mti. Swala wetu pembe yake ni ya maisha. Huyu huidondosha. Majira yale ya kuchipua majani niliikuta moja kwenye nyasi, nzito kama tairi, haina hata tone la damu. Nikampigia fundi simu.

"Ndugu, nimeiona! Kweli zinatoka!"

"Nilikwambia nini, profesa? Wewe umewahi kuona kaburi la ayala?"

Sikuwahi. Na juma lililofuata daktari wa mifugo alimdunga jike mmoja sindano ili ahamishiwe boma jingine. Alilala, akabebwa, akaamka akiyumba kama mjomba anayetoka harusini. Nilitaka ushahidi gani tena?

Kulikuwa na dume mmoja mkubwa kuliko wote. Nilikuwa nagonga ndoo ya mahindi, naye anatoka vichakani. "Shikamoo, mheshimiwa," namwambia kila asubuhi, naye anakula bila kuitikia, kama waheshimiwa wote. Kiangazi kizima pembe zake mpya ziliota zikiwa zimevikwa ngozi laini. Kisha ngozi ile ikapasuka. Alikuwa akiisugua kwenye miti, inaning'inia usoni pake vipande vipande, vyekundu, na chini yake pembe imetoka ngumu na tayari.

Juma hilohilo msimamizi, ambaye hakuwahi kunisemesha, akaanza kumuulizia.

"Anakula?"

"Anakula, bosi."

"Mlishie pale kwenye jiwe."

Baadaye ikawa mbele ya jiwe. Baadaye mbele zaidi, hadi kwenye uwazi unaotazamana na kibanda cha nyasi chenye dirisha jembamba kama kiganja. "Na usibadilishe ovaroli," akaniambia. "Akuzoee hivyohivyo." Ovaroli ile niliivaa mpaka ikawa na uwezo wa kwenda kazini peke yake. Siku moja nilichungulia kibandani nikaona kiti, na mfuko wa mchanga umelazwa dirishani. Nikasema, haya, hapo ndipo kamera inapoegemezwa.

Jambo moja tu lilinikosesha raha. Nyuma ya shamba kulikuwa na jengo lenye milango ya chuma, na wanyama waliolala walipelekwa huko kwa bakki, yaani pikapu. Mimi nililiita hospitali, kwa sababu lilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Mle alifanya kazi Mtanzania mmoja wa Mbeya, mwenye aproni na gambuti nyeupe. Tulisalimiana getini tu. Nilimdhania nesi. Lakini sikuwahi kuona mgonjwa akitoka. Nikajiambia watakuwa wanatolewa mlango wa nyuma, usiku, kwa utulivu.

Mgeni wa dume wangu alikuja asubuhi yenye barafu kwenye nyasi. Akaingia kibandani na kiongozi wake wa uwindaji. "Gonga ndoo, bhuti," kiongozi akaniambia, akiniita kaka kwa lugha ya huko. "Kama kila siku."

Nikagonga. Hakuja. Ndege wote walikuwa wamenyamaza. Nikagonga tena, nikaongeza na salamu yetu. Akatokeza, akasimama, akatazama kibanda. Kisha akanitazama mimi, na ovaroli yangu.

"Njoo, mheshimiwa," nikasema. "Leo ni kinyozi tu."

Akaja.

Mlio ule, naapa, uliangusha sufuria Soweto. Sindano gani yenye kelele hivi, nikajiuliza, nikajijibu kwamba mnyama mkubwa anahitaji sindano kubwa. Mheshimiwa akalala palepale. Kiongozi akavunja kijiti chenye majani akamwekea mdomoni, desturi yao wawindaji. Mgeni akavua kofia. Wakamfuta damu, wakarudisha ulimi ndani, wakapiga picha. Nikamwaga mahindi ya ndoo, nikaijaza maji, nikapanda nyuma ya bakki. Kichwa chake kililala mapajani pangu njia nzima, kizito, pembe zikigonga bati kila tukiingia shimoni.

Yule wa Mbeya akafungua milango ya chuma.

"Maji ya nini, kaka?"

"Ya kwake. Akiamka atakuwa na kiu."

Akacheka, akaningoja na mimi nicheke, maana nilijulikana kwa utani. Nilipoisogeza ndoo karibu na mdomo wa mnyama, akaacha. Akafuta kisu kwenye aproni.

"Haamki, kaka. Sindano ni ya daktari, ya kuhamishia wanyama. Hii ilikuwa risasi. Wote wanaoletwa huku wamekufa, mimi nawachuna tu. Na huyu amekufa. Haya, shika miguu ya nyuma tumshushe."